Kichaa Langoni kwa Akishi

Somo: 1 Samweli 21:10–15

Daudi aliingia Gathi, mji wa Wafilisti, akiwa hana pa kukimbilia. Nyuma alikuwapo mfalme Sauli aliyetaka kumwua, mbele Wafilisti, na siku ileile alikuwa amechukua kwa kuhani Ahimeleki upanga wa Goliathi, ambaye Daudi alimwua na ambaye kwao ni Gathi hiyohiyo! Watumishi wa mfalme Akishi wakamtambua. Alipoona maji yamemfika shingoni akajitia wazimu, akawa anakwaruza mbao za lango huku mate yakimchuruzika ndevuni. Akishi akawafokea watumishi wake: kwani vichaa wamepungua hapa hata wamletee na huyu? Daudi akaenda zake salama.

Huwa tunacheka ujanja huo. Lakini nadhani Daudi alijua jambo moja kuhusu Wafilisti, kwamba hata wao hawamwui mtu aliyepotewa na akili.

Sasa linganisha na yaliyotokea siku zetu. Tarehe 27 Septemba 2016, mjini El Cajon, California, dada mmoja alipiga simu polisi zaidi ya mara moja akimwombea msaada kaka yake, Alfred Olango, mkimbizi kutoka Uganda mwenye umri wa miaka 38. Alikuwa akitangatanga katikati ya magari. Jamaa zake walieleza baadaye kwamba alikuwa amefiwa na rafiki wa karibu, na msiba ule ulimzidi. Mtaalamu wa afya ya akili anayefuatana na polisi alikuwa kwenye tukio jingine. Wakaja askari wa kawaida, na hazikupita dakika mbili tangu wafike, Olango akapigwa risasi akafa. Alichokitoa mfukoni na kumwelekezea askari kilikuwa sigara ya umeme. Mwendesha mashtaka hakumfungulia askari huyo kesi.

Simwonei askari yule. Alikuwa na sekunde chache za kuamua. Ila sekunde zile nani alizifanya chache? Ni yeye, bastola mkononi, aliyemsogelea mtu aliyechanganyikiwa. Njia nyingine ipo. Jijini Memphis, Marekani, mwaka 1987, polisi walimwua kijana mgonjwa wa akili ambaye mama yake mwenyewe ndiye aliyeita msaada. Mwaka uliofuata jiji likaanza kuwapa askari waliojitolea mafunzo ya saa 40 ya kumkabili mgonjwa wa akili: rudi nyuma kidogo, punguza sauti, aongee mmoja tu, usiwe na haraka.

Akishi hakuwa mpole, wala hakumhurumia Daudi. Alinung'unika, akamwacha mtu apite. Hatuombi polisi wawe watakatifu. Kiwango cha Akishi kingetosha kumrudisha Olango nyumbani.

Walio na watoto na ndugu Marekani wawaambie: tangu Julai 2022 kuna namba 988, inayopokelewa na washauri waliofunzwa kusikiliza watu waliozidiwa. Na ikibidi kuwaita polisi, sema mapema, na urudie, kwamba huyu ni mgonjwa. Eleza alichoshika mkononi, na kama hana kitu sema hana. Kisha uliza kama kuna askari aliyepata mafunzo kama yale ya Memphis.