Tofauti ya Kura 43

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii twaisema baada ya mchezo wa mpira, na twaisema zaidi baada ya uchaguzi, mara nyingi kwa nia ya kuwanyamazisha walioshindwa. Ni methali njema, wala hatutaki kuitupa. Lakini yatupasa kuuliza maswali mawili. Mtu aliyetangazwa kuwa ameshindwa, naye ana sababu ya kuamini kwamba hesabu haikuwa sawa, je, anyamaze? Na yule aliyekwisha kukaa kitini, akiambiwa baadaye kwamba kiti si chake, afanye nini?

Maswali haya si ya wakubwa peke yao. Hata sisi huchagua wazee wa kanisa, kamati ya shule na viongozi wa chama cha ushirika. Lakini ni vigumu kuyapima mambo yetu wenyewe, maana kila mmoja ana upande wake. Basi na tutazame jambo lililotokea mbali, zaidi ya miaka 100 iliyopita, ambalo halina jamaa yetu ndani yake.

Arizona ni nchi kavu ya majangwa, milima na machimbo ya shaba, kusini-magharibi ya Marekani. Ilipokubaliwa kuwa jimbo kamili mwaka 1912, gavana wake wa kwanza alikuwa George W. P. Hunt wa chama cha Democratic. Bwana huyu alifika mji wa Globe mwaka 1881, akaanza kwa kazi za chini, kuhudumu mezani na kuchimba madini, kabla ya kuwa mfanyabiashara na mwanasiasa. Wafanyakazi wa machimbo walimpenda sana. Mwaka 1916 akashindana na Thomas Campbell wa chama cha Republican, kijana wa huko huko Arizona, mzaliwa wa mji wa Prescott.

Uchaguzi ulifanyika Novemba 1916. Kila mmoja alipata karibu kura 28,000, na hesabu ya kwanza ikasema Campbell ameshinda kwa kura 30 tu. Hunt hakukubali. Alisema kulikuwa na makosa katika kupokea na kuhesabu kura. Tarehe 1 Januari 1917 ilipofika, Campbell akiwa tayari kushika kazi, Hunt alikataa kutoka ofisini. Jimbo moja likawa na watu wawili waliojiita gavana. Mwisho wa mwezi ule Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba Campbell aendeshe kazi wakati shauri likisikilizwa, naye Hunt akatoka.

Shauri likaendelea. Mwezi Mei mahakama ya kwanza ilimpa Campbell ushindi. Hunt akakata rufani. Ubishi mmoja mkubwa ulihusu karatasi ambazo mpiga kura alikuwa ameweka alama kwenye chama kimoja juu, kisha akaweka tena alama kwa mtu wa chama kingine chini. Je, mtu huyo alimtaka nani? Tarehe 22 Desemba 1917, Mahakama Kuu ilitamka kwamba aliyeshinda ni Hunt, kwa kura 43. Siku ya Krismasi Campbell alimwachia nafasi. Alikuwa amefanya kazi karibu mwaka mzima bila mshahara.

Sasa tupime. Kwanza, je, Hunt alikosa kwa kudai hesabu irudiwe? Twasema hapana. Kura si mali ya mgombea. Ni neno la mtu aliyetoka nyumbani kwake, akapanga foleni, akasema analotaka. Mgombea anayeacha kura halali zipotee kwa sababu ya adabu tu, amegawa kitu kisicho chake. Methali yetu yamtaka mshindani akubali kushindwa kwa kweli, si kuukubali uongo. Hata hivyo kuna kipimo cha kumjua mdai mwema: kabla shauri halijasikilizwa, yu tayari kupokea jibu lolote litakalotoka? Anayekwenda kwa mwamuzi akiwa na jibu moja tu analolikubali, huyo hatafuti haki. Atafuta mtu wa kuipigia mhuri tamaa yake.

Lakini twaona Hunt alikosa alipong'ang'ania ofisi Januari ile. Mtu atasema, “Mbona mwisho alionekana ndiye mshindi?” Ndiyo, lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo, hata yeye mwenyewe. Aliamini tu. Tukiruhusu kila anayejiamini ashike funguo mpaka wengine wamthibitishie, uongozi utakuwa wa mwenye kufuli imara. Kuwa na haki mwishoni hakuhalalishi njia mbaya ya mwanzoni. Sifa yake ni kwamba mahakama ilipomwambia atoke, alitoka, akaendelea kudai kwa njia iliyo wazi kwa kila mtu.

Vipi Campbell? Huyu hakuiba kitu. Waliopewa kazi ya kuhesabu walimwambia ameshinda, naye akaingia kwa moyo safi. Lakini mtu aliyepewa ng'ombe kwa makosa mnadani si mwizi siku ya kwanza. Huanza kuwa mwizi siku anapoambiwa ukweli, akafunga zizi. Campbell angeweza kutoa visingizio vingi. Kipindi cha gavana wakati ule kilikuwa miaka miwili, na mmoja ulikuwa umekwisha. Angeweza kusema kwamba amekwisha zoea kazi, na kwamba mabadiliko yatavuruga watu. Hakufanya hivyo. Tena mwaka 1918 alisimama upya akachaguliwa, na mwaka 1920 vilevile, mpaka Hunt alipomshinda mwaka 1922. Tusiseme kwamba aliondoka vyema kwa sababu alijua atarudi. Hakujua. Hata kama asingechaguliwa tena maisha yake yote, kuondoka kungekuwa sawa.

Lakini tusiusahau mwaka wenyewe uliopotea. Haki ilipofika Desemba, haikuweza kurudisha siku zilizopita. Tarehe 12 Julai 1917, katika mji wa Bisbee, wachimba shaba waliogoma pamoja na waliowaunga mkono, zaidi ya watu 1,000, walikamatwa na watu wenye silaha wakiongozwa na mkuu wa polisi wa wilaya, wakapakiwa katika mabehewa ya ng'ombe na kupelekwa jangwani katika jimbo la New Mexico. Campbell hakuagiza jambo hilo, wala hatuwezi kusema kwamba Hunt angelizuia. Twasema hili tu: mwaka ule haukuwa mtupu. Kwa hiyo aliye na kazi ya kuhesabu asiseme, “Kama nimekosea, watarekebisha baadaye.” Kuna mambo ambayo baadaye hayarekebishiki.

Na liko neno moja zaidi, nalo ndilo zito kuliko yote. Majaji wale walizitazama karatasi kwa uangalifu mkubwa, alama kwa alama. Wanawake wa Arizona nao walipiga kura, maana walikuwa wamepata haki hiyo mwaka 1912. Lakini wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokaa humo kabla ya wengine wote, walizuiwa kupiga kura Arizona mpaka mahakama ilipoamua vingine mwaka 1948. Kura 43 zilitafutwa kwa bidii, na huku maelfu ya watu hawakuulizwa kabisa. Twaweza kuhesabu vizuri sana wale tuliowaita, tukasahau kuuliza ni nani hatukumwita.

Basi, wasomaji wetu, tutakapochagua tena mzee wa kanisa au mweka hazina, tuanze hapo. Tuhakikishe kila anayestahili amepata habari ya mkutano, pamoja na wagonjwa na wakaao ng'ambo ya mto. Tuhesabu mbele ya macho ya wote, bila haraka. Mwenye shaka aseme siku ile ile, waziwazi, si chini ya mwembe baada ya mkutano. Na yule atakayeambiwa kwamba kwa kweli hakushinda, arudishe daftari na funguo siku hiyo hiyo, nasi tumheshimu kwa kufanya hivyo.