Ua Lililokwanguliwa

Ukutani kuna vishikizo saba vya mbao, na sita kati yavyo vimeshika bunduki. Cha saba ki tupu. Mwenye ukuta huo na awe fundi mitambo mstaafu wa mji mdogo katika jimbo la Ohio, Marekani. Jina lake halihitajiki, maana wa namna yake ni wengi mno nchini mwake, na kuwa mmoja wao si aibu. Si mwindaji, wala hakununua silaha zake kwa kuwahofia wezi. Ni mtu wa kusoma chapa. Humpa bunduki saa nzima chini ya taa, akaieleza ilitoka karakana gani, mwaka gani, na kama komeo lake ndilo lile lililozaliwa pamoja na mtutu wake au ni la kuokoteza. Anazo Mauser ya Kijerumani, Lee-Enfield ya Kiingereza, Mosin-Nagant ya Kirusi, Carcano ya Kitaliano, na mbili za kwao: Springfield ya mwaka 1903 na Garand, iliyopitishwa na jeshi mwaka 1936. Zote zilibebwa katika Vita Vikuu vya Pili. Inayokosekana ni ya Kijapani, na jicho lake, kila aingiapo chumbani humo, huzipita zile sita likaenda kutua pale pasipo kitu.

Sheria ya nchi yake haimzuii. Kwa dola 30 mtu hupata leseni ya mkusanyaji ya miaka mitatu, nayo humruhusu kununua silaha zilizotimiza miaka 50 au zaidi, zikaletwa hadi mlangoni pake. Iliyoundwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, haihesabiwi kabisa kuwa silaha. Jambo hili lastahili kutuliwa kidogo. Na ziwepo bunduki mbili za karakana moja na za mikono ya fundi mmoja, ya kwanza imekamilika Desemba 1898, ya pili Januari iliyofuata: ile ni kumbukumbu ya kale, hii ni silaha, ilhali zote mbili zaweza kumwua mtu yule yule. Ni kana kwamba sheria imeamua kuwa damu ikifika umri fulani hugeuka kutu.

Basi suala la fundi si suala la ruhusa. Anaruhusiwa. Suala ni la kuchagua, na kuchagua kuna maswali ambayo ruhusa haiyajibu. La kwanza ni hili: pengo lile ukutani limetoka wapi? Alipokuwa na bunduki moja hakuwa amekosa chochote. Alipokuwa na mbili, alikuwa na mbili. Ilipofika ya nne ndipo mpangilio ulipojitokeza, na mpangilio ndio ulioleta upungufu. Vishikizo saba alivichonga yeye mwenyewe. Njaa ya cha saba aliichonga siku hiyo hiyo.

Lakini swali la "ipi ifuatayo?" halikuanzia vyumbani mwa wastaafu. Waliolizoea zaidi ni wenye dola. Mwaka 1886 Ufaransa ilipitisha bunduki ya Lebel, iliyotumia baruti isiyotoa moshi, na katika miaka michache majeshi ya Ulaya yakajiona yameshika magogo. Ujerumani na Uingereza zikapitisha mpya mwaka 1888. Kila dola ilipochagua inayofuata, iliyotangulia ilitafutiwa mnunuzi, na mnunuzi alipatikana huku. Unguja ilikuwa lango: masanduku yaliteremshwa forodhani, yakavushwa mrima, yakafuata njia za misafara ya bara, hata Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokuja kuweka vizuizi. Na walioweka vizuizi nao walikuwa na masazo yao. Vita vilipozuka mwaka 1914, askari wa Kiafrika wa jeshi la Wadachi walio wengi walikuwa bado wameshika Mauser ya mwaka 1871, ya baruti ya zamani, ambayo moshi wake mzito ulimfichua kila aliyefyatua. Ulaya ilikuwa imekwisha kuchagua mara mbili tangu hapo. Aliyekuwa nyuma ya moshi ule hakuchagua hata mara moja.

Neno lenyewe lina safari yake. Bunduki, likifuatwa hadi Kiarabuni, linaishia kwenye tunda: bunduq ni kokwa ndogo ya mtini, kisha likawa jina la kidonge cha udongo cha kurusha kwa upinde, na mwishowe jina la chombo cha moto. Wapenda lugha watasamehe mchepuko huu. Na hata hivyo, katika yanayofuata kuna ua.

Jumamosi moja fundi anakwenda katika gulio la silaha, ukumbi mpana wenye meza safu kwa safu. Juu ya meza moja zimelazwa bunduki mbili za Kijapani, Arisaka kama ziitwavyo, kwa jina la ofisa aliyebuni ya kwanza katika ukoo huo. Zote mbili ni za aina ya 99, nambari iliyotokana na mwaka 2599 wa hesabu ya kifalme ya Japani, yaani 1939. Ni sawa kwa urefu, sawa kwa umri, sawa kwa hali ya mbao. Zinatofautiana mahali pamoja tu. Juu ya chuma, pale mtutu unapopokelewa na mtambo, bunduki za jeshi la Japani zilipigwa chapa ya ua la krisanthemu lenye petali 16, alama ya Mfalme Mkuu. Silaha ilikuwa mali yake; askari aliishika kama amana. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, bunduki nyingi zilikwanguliwa ua hilo kabla ya kukabidhiwa, kwa tupa, kwa patasi, kwa jiwe la kusagia. Ya kwanza mezani ina ua lake zima, unaweza kuzihesabu petali. Ya pili ua lake limekwanguliwa, pamebaki bapa linalong'aa kidogo kuliko chuma kinacholizunguka.

Yenye ua zima ni ghali zaidi. Hiyo ndiyo kanuni ya soko hili, na hakuna mkusanyaji asiyeijua. Akiulizwa sababu, fundi atajibu bila kusita: ile ni kamili, hii imeharibiwa. Jibu hili laonekana jepesi mpaka iulizwe namna ukamilifu ule ulivyopatikana. Zipo njia zisizo na kisa, kwa kuwa si kila bunduki ilipitiwa na tupa. Aghalabu, hata hivyo, ua zima huchukuliwa kuwa dalili kwamba bunduki ilitoka mikononi mwa mwenyewe kabla ya siku ya kusalimu amri. Na askari yule, huko kisiwani au msituni, hakuombwa aitoe. Muuzaji naye, akitaka kupandisha bei, husimulia hivyo hivyo. Akiwa na hati aliyopewa mwanajeshi wa Marekani kumruhusu arudi nyumbani na ngawira yake, bei hupanda tena. Kinacholipiwa juu ya thamani ya chuma na mbao ni ukaribu na kifo cha mtu. Fundi hakusema hivyo, wala hangependa kusikia ikisemwa, lakini noti anazozihesabu zinasema.

Na upande wa pili wa mtutu je? Chapa zote humtaja aliyeunda; hakuna chapa ya aliyelengwa. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, watu wa Keya, ilishuka Bonde la Kabaw huko Bama katika mvua na matope na malaria, ikiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Walikuwa vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, na waliowalenga walishika bunduki zenye ua. Haiwezekani kusema kwamba mojawapo ya zile mbili za gulioni ilimlenga mtu wa huku. Haiwezekani pia kusema kwamba haikumlenga. Mkusanyaji hununua historia, ndivyo anavyopenda kuiita, na historia anayouziwa ni ya nusu moja, ya nyuma ya kitako.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kumwacha hapo bila kumtetea. Walter Benjamin, mwandishi wa Kijerumani aliyekuwa mkusanyaji wa vitabu, na aliyekufa mwaka 1940 mpakani mwa Ufaransa na Hispania akiwakimbia Wanazi, aliona kwamba mkusanyaji huviondolea vitu mzigo wa kulazimika kutumika. Kwa kitabu, huo ni wema wenye walakini. Kitabu kisichosomwa kimenyimwa haki yake. Kwa bunduki ni rehema tupu. Mosin-Nagant, iliyoundwa kwa mamilioni ya makumi, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliuzwa Marekani kwa chini ya dola 100 ikiwa imepakwa grisi nzito ya ghalani, ingeweza kabisa kwenda kwingine, kwa vijana wengine, katika vita vingine. Ukutani kwa fundi imepumzika. Tena macho yake yanaona mambo ambayo vitabu vingi huyapita. Arisaka za mwishoni mwa vita anazijua kwa kugusa tu: bamba la kitako la mbao mahali pa chuma, shabaha isiyoweza kurekebishwa, alama za tupa zilizoachwa bila kulainishwa. Humo anaisoma njaa ya taifa zima. Mtu asomaye namna hiyo hawezi kuitwa mpenda kuua.

Ila utetezi huu una tundu, na tundu lenyewe ni dogo kama la risasi. Uingereza mtu aweza kumiliki bunduki ya vita iliyozimwa, mtutu na mtambo vikiwa vimezibwa ili isifyatue tena. Mbao ni zile zile, chapa ni zile zile, mikwaruzo ya safari iko pale pale. Fundi wa Ohio hataki kuisikia. Kwake hiyo ni maiti. Atasema kwamba saa isiyopiga si saa, na kwamba werevu wa aliyebuni umo katika komeo linapokwenda na kurudi, si katika umbo. Ni jibu lenye uzito. Hata shairi likipokonywa vina, maneno yakabaki yote, wenyewe huomboleza. Lakini saa ikipiga hutaja wakati. Anachokitaka kibaki hai ni uwezo, japo ameapa kwa dhati kwamba hatautumia, na uwezo huo hauwezi kupumzishwa kwa kutundikwa.

Kwa hoja yake mwenyewe ya ukamilifu, basi, ile iliyokwanguliwa ndiyo iliyotimia. Ile yenye ua imekwama vitani. Kalenda yake haikuvuka siku ya ngawira. Hii ina vita na ina mwisho wa vita. Kuna mtu aliyeiinamia na tupa, akafuta jina la bwana wake kwa mkono wake, au kwa mkono wa mwingine akitazama, na huenda lilikuwa jambo la kwanza alilofanya kwa bunduki hiyo ambalo halikumdhuru mtu. Waswahili walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Chuma nacho kina kovu, na bila shaka si vyema kulijaza ili sura ipendeze, wala kulidharau kwa kuwa limeondoa petali.

Hapa, lakini, pana mtego wa pili, na dhamiri hunaswa humo kwa urahisi zaidi kuliko tamaa. Fundi akishawishika kwa hoja hii, atainunua ya bei nafuu na kurudi nyumbani na vitu viwili, bunduki na moyo safi, vyote kwa punguzo. Kishikizo cha saba kitajaa, naye atajiona amefanya jambo la hekima, kumbe amefanya lile lile alilokusudia tangu asubuhi. Mwaka ukigeuka atakumbuka kwamba hana ya Kifini.

Huko Oman, ambako wengi wa pwani wana ndugu wa damu, bunduki za kale za karne ya 19, zikiwemo Martini-Henry, hazikuachiwa makumbusho peke yake; nyingine zimerithiwa, na zimeonekana katika ngoma za wanaume siku za furaha. Hakuna haja ya kuzipamba. Nazo zilikuja kwa biashara ya silaha, na baadhi yake zina mambo ya kunyamaziwa. Tofauti ni kwamba aliyerithi hakuchagua, wala hana "inayofuata". Akiulizwa ilikuwa ya nani, atataja babu, na akiulizwa babu aliifanyia nini, ataona fahari au ataona haya, ila hatasema kwamba hayamhusu. Mrithi ameshikwa na kitu kabla hajakishika. Mnunuzi huanza na mikono mitupu, na kila anachotakiwa kujibia lazima akitafute mwenyewe, kwa hiari, wakati hakuna anayemlazimisha na muuzaji anataka fedha yake.

Fundi angali amesimama mezani. Ameigeuza ya kwanza, amehesabu petali, ameirudisha. Anaichukua ya pili na kupitisha dole gumba palipokuwa na ua; pamekuwa laini, kama kizingiti kilichokanyagwa na vizazi. Anauliza bei ya mwisho. Kisha anauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza kwa zile sita, kama yuko anayejua ilikuwa ya nani. Muuzaji anakishika kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye mtutu, anasoma: aina, mwaka, nambari, bei. Anakigeuza. Nyuma hakukuandikwa kitu.