Uta, butiki na watoto wa watu

Tumezoea kuandika humu juu ya mambo ya wazee yaliyopita. Mara hii tunaandika juu ya jambo ambalo bado halijafanyika, na ambalo limetugawanya sisi wenyewe.

Mfanyabiashara mmoja wa Baraka, mwenye butiki ya vyombo, sabuni na nguo, alituletea wazo. Wakati wa likizo kubwa anataka kukusanya vijana wa miaka 12 hadi 16, siku tano, wafundishwe kulenga kwa uta na mshale kama babu zao. Chakula atalipa yeye, walimu atalipa yeye. Kambi itakuwa kwenye kiwanja kilicho karibu na butiki yake, na jina la butiki litaandikwa kwenye fulana za watoto. Hakutuficha kitu: wazazi watakuja kuangalia, na wakija watanunua. Kwetu alitaka jambo moja tu, tumtafutie wazee wanaojua uta.

Wa kwanza kukataa walisema mila haiuzwi. Hapo hatukubaliani nao sana. Wamesahau Bwami. Katika Bwami, kwetu Wabembe kama kwa Walega, hakuna aliyepanda cheo bila kutoa mali, na ndugu zake walimchangia. Wazee wetu hawakuchukia mali hata kidogo. Lakini mali ile ilitolewa na kugawanywa mbele ya watu, na ilifunga aliyetoa na aliyepokea. Kwa hiyo swali si kama mfanyabiashara atapata faida. Apate. Hata anayenunulia timu ya mpira jezi anatafuta jina, na hakuna anayemlaumu.

Ila uta si mpira. Zamani kijana alijifunza uwindaji kwa watu wa nyumbani, na lubungani, penye moto wa wanaume, alisikia nani alipiga, nani alikosa, na nyama iligawanywa namna gani. Aliyemfundisha alijulikana. Kijana akiharibu, watu walijua mlango wa kugonga. Kambi ya siku tano ina mlango gani siku ya sita?

Na neno lenyewe, kambi! Masikioni mwetu kambi ni ya askari, ama ni ya wakimbizi. Wengi wetu tumekulia ng'ambo ya ziwa, huko Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, ama Lugufu iliyofungwa mwaka 2009. Katika vita ya 1996 watoto wa Kivu walibebeshwa bunduki wakaitwa kadogo, na vikundi vilivyofuata havikuacha desturi hiyo. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza mtoto kuingizwa katika jeshi au kikundi chenye silaha. Sheria iko, lakini mama mmoja katika mkutano wetu hakuizungumzia. Alisimama akasema hivi: «Mutoto wangu alirudi toka ku pori, sasa njo anaanza kulala muzuri. Munataka mumupatie tena kitu ya kulenga?»

Tulinyamaza wote. Halafu mzee mmoja, ambaye aliwinda Itombwe ujanani mwake, akamjibu pole pole: «Mama, bunduki haikumufundisha kushusha mukono. Uta njo itamufundisha.» Akaeleza kwamba mwindaji anavuta kamba mara nyingi kuliko anavyoachia. Mnyama mwenye mimba, anashusha. Mwenzake akipita mbele, anashusha. Upepo ukigeuka, anashusha na kurudi nyumbani mikono mitupu, na bibi yake atasema anayosema.

Tumefikiri sana juu ya maneno hayo mawili, na hatuoni kwamba moja linafuta lingine. Mzee anasema kweli, lakini kushusha mkono hakufundishwi kwa siku tano, mbele ya wanunuzi wanaopiga makofi kila mshale unapoingia. Anayeshangiliwa ni aliyeachia. Hatujaona mtu akishangiliwa kwa kushusha.

Kuna wanaosema uta hauna kazi tena, kwa sababu tangu 2006 sehemu kubwa ya Itombwe ni hifadhi, na vijana watalenga shina la mgomba tu. Hilo halitusumbui. Mchezo wa uta uko katika Olimpiki tangu uliporudishwa mwaka 1972, na huko hakuna anayewinda.

Kinachotusumbua ni taa. Wavuvi wetu wanawasha taa usiku, ndagala wanakuja kwenye mwanga, wavu unapanda. Mtoto aliyevaa fulana ya butiki anaweza kuwa mgeni wa mwenye butiki, anaweza pia kuwa taa yake. Akiwa mgeni, mwenye nyumba anaulizwa habari zake hata baada ya kuondoka.

Basi tulimjibu hivi. Wazee tutawatafuta, lakini wafundishe kila Jumamosi mwaka mzima, si siku tano. Mama yule na wenzake wakae karibu, na wakisema mtoto fulani bado, asishike uta. Mtoto akiumia ama akiumiza, mwenye butiki aende nyumbani kwa wenyewe, yeye mwenyewe, si karani wake. Jina liandikwe kwenye fulana, hatukatai.

Alisema hiyo ni gharama kubwa kuliko faida. Tulimwambia tunajua. Ameomba muda afikiri, na shina la mgomba alilokwisha kuleta kwa kujaribu bado limesimama nyuma ya butiki, watoto wanalirushia mawe.