Nani Wakili wa Kibera?

Neno mwakilishi limetokana na wakili, na wakili, yaani aliyetumwa kwa niaba ya mwingine, ana masharti yake. Katika fiqhi, sheria ya Kiislamu, ambayo Wanubi wa Makina, Kibera, waliijua kabla Nairobi haijapata meya, aliyemtuma wakili ana haki ya kumtaka hesabu na, akipenda, kumwondoa. Ondoa sharti hilo, anayebaki ni msemaji tu, na mtaa wa mabanda wa Kibera umejaa wasemaji. Kwa miaka mingi Kibera ilitangazwa kuwa ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Hata kama sensa ilipunja, na wapo wanaoshikilia hivyo, pengo la namna hiyo ni dalili ya watu waliosemewa na wasiowahesabu. Dawa na wauguzi hugawanywa kwa idadi, kwa hiyo anayeitamka idadi hiyo ana mamlaka.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za afya ili mamlaka hayo yasogee karibu na mkazi. Februari 2020 Gavana Mike Sonko alitia saini Ikulu hati ya kuirudisha afya ya Nairobi kwa Serikali ya kitaifa, na usimamizi ukaenda kwa Meja Jenerali Mohammed Badi, ambaye hakuna mkazi wa Laini Saba, Kibera, aliyempigia kura. Mtetezi wa hatua hiyo atasema hospitali 24 zilipangiwa mitaa ya mabanda, na mama mwenye uchungu haulizi aliyejenga alichaguliwa na nani. Hoja hiyo ina uzito. Anayeidharau aghalabu hukaa karibu na zahanati. Ila mama huyo leo anahitaji kitanda, na kesho, dawa zikiisha, atahitaji mtu wa kumbana. Nayo idara ya Badi ilivunjwa 2022.

Wengine hujibu kuwa hata waliochaguliwa hulala. Ni kweli, na sababu haiko mbali: kifungu cha 104 cha Katiba kinawaruhusu wapiga kura kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake, lakini hajapatikana hata mmoja aliyerudishwa. Kura tumepewa, uwezo wa kumwondoa wakili, kwa vitendo, tukanyimwa. Hata kwenye bima ya afya imekuwa hivyo: Julai 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria za bima mpya ya afya, ikitaja upungufu wa ushirikishwaji wa umma. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba bima hiyo ikaanza chini ya mamlaka ya SHA. Sasa mchuuzi wa mtaa wa Kawangware anaulizwa nyumba yake imejengwa kwa nini na choo chake ni cha aina gani, kisha anatajiwa kiasi cha kulipa. Katika uwakili wa fiqhi, yeye ndiye angekuwa anauliza.