Shoka la Dirhamu Moja



 

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Akaulizwa kama hana kitu chochote nyumbani mwake. Akajibu kuwa anayo nguo nzito, upande hujifunika na upande hutandika, na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, Mtume akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu 1, mwingine akazidisha, akatoa 2. Fedha hizo akapewa mwenyewe, akaamriwa moja awanunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka. Aliporudi nalo, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma kukata kuni, asionekane muda wa siku 15. Ilipotimu muda huo, akarejea na dirhamu 10.

Watu wasomapo hadithi hii aghalabu hutazama aibu ya kuomba, na hayo ni kweli. Walakini iko na hesabu ndani yake. Dirhamu ya chakula ililiwa ikaisha. Dirhamu ya shoka ilijirudisha, kisha ikaleta nyingine. Na mtu huyu alikuwa fakiri aliyeuza tandiko lake! Hata hivyo nusu ya mali yake yote ilitiwa katika chombo cha kazi.

Basi wako wanaume wadhanio kwamba kila kilicho ghali ni israfu, na kila kilicho rahisi ni uangalifu wa mali. Mmoja hununua mkaa kwa kopo kila jioni, mwaka mzima, kwa kuwa gunia lamtisha. Mkewe akimtajia jiko lilalo mkaa kidogo, humwambia hana fedha. Na fedha za tambuu na kahawa barazani hazihesabiwi. Katika Sura ya Bani Israili wabadhirifu wameitwa ndugu za mashetani, na katika sura hiyo hiyo umekatazwa mkono uliofungwa shingoni. Mtu wa kopo la mkaa amekusanya makosa yote mawili, na huku ajiona ni mwenye kuweka akiba.

Mfano ulio wazi zaidi uko bara, mashariki ya Ziwa Viktoria, katika mkoa wa Simiyu uliotengwa na Shinyanga mwaka wa 2012, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Nchi ile ni ya pamba na ng'ombe, na mvua yake si ya kutegemewa. Mahindi ya mavuno hayana budi kuwekwa hata mavuno mengine, na hapo ndipo anapoingia dumuzi.

Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na katika Tanzania alionekana kwanza upande wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 au karibu na hapo. Hutoboa punje, hata gunia likabaki unga na maganda. Mkulima aliyemwona mara moja hufanya moja katika mawili: hununua dawa ya unga kila msimu, au huuza mahindi yake yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha miezi ya njaa huyanunua sokoni kwa bei ya juu. Huyu wa pili amelima chakula cha mwingine.

Dawa ya shida hii ni mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani, na wa nje uliofumwa. Kila mmoja hufungwa mdomo peke yake kwa nguvu. Hewa iliyomo huisha, wadudu huacha kula, kisha hufa, pasipo dawa yoyote. Mfuko mmoja huchukua kilo 100, na usipotobolewa hutumika misimu mitatu hivi. Ichukuliwe kwa mfano kuwa bei yake ni shilingi 5,000, na kilo ya mahindi ni shilingi 700. Dumuzi akila kilo 10 tu katika gunia, amekula shilingi 7,000. Maana yake mfuko umejilipa kabla mwaka haujaisha, na misimu iliyobaki ni faida.

Sharti mahindi yawe makavu kabisa. Yakifungwa na unyevu huota ukungu, na sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka wa 2016. Punje chache hutiwa katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, zikatikiswa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi yarudishwe juani.

Kuweka nafaka si jambo geni katika dini. Nabii Yusuf (a.s.) aliwaamuru watu wa Misri waache nafaka katika masuke yake, illa kidogo ya kula, na wafasiri wamesema ni kwa kuikinga na wadudu. Mtume naye aliwawekea watu wake chakula cha mwaka. Ihtikari iliyoharamishwa, kwa madhehebu ya Shafii, ni kununua chakula wakati wa ughali na kukizuia ili kizidi kupanda. Aliyeweka mavuno ya shamba lake hamo. Lakini watu wakifikia dharura, wasipate chakula pengine, hulazimishwa kuuza kilichozidi haja yake. Wafanyabiashara wa pwani wapandao bara kununua mahindi wajipime hapo, kwani wao si wakulima.

Asiye na fedha taslimu akanunua mfuko, au plau ya kukokotwa na ng'ombe, kwa bei ya muda iliyo juu ya bei ya taslimu, inajuzu, madhali bei ni moja na imekatwa wakati wa mapatano. Ama kuongezwa deni kwa kuchelewa kulipa, hiyo ni riba yenyewe ya zama za ujahili.

Na zaka haingoji mfuko kufunguliwa. Mahindi ya mvua yakifika nisabu, nayo ni wasaki 5, zaidi ya kilo 600, fungu la kumi hutolewa yakiisha kukauka, kupurwa na kupepetwa. Mwenye magunia 7 ya kilo 100 atenge kilo 70 za wenyewe kwanza, ndipo afunge midomo ya mifuko yake.