Jibu Moyo

Mpwa wangu yuko Juba mwaka wa nne sasa. Ni mhasibu, kijana wa bidii. Ndiye anayemlipia mdogo wake karo, na mama yake ametoka nyumba ya mabati akaingia ya mawe kwa jasho la huko huko. Jumatatu nilipoandika kwenye kundi la familia kwamba nimerudi salama baada ya siku nane mjini humo, tena natamani kurudi, alinitumia vikaragosi vinne vya kicheko na maneno haya: "Mjomba, Juba hakuna kitu cha kuona."

Maneno hayo yamenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Nimpe kwanza haki yake. Kama kuona ni kuhesabu vivutio, Juba utaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kuna kaburi la kiongozi wa ukombozi John Garang, aliyefariki katika ajali ya helikopta Julai 2005, miezi michache tu baada ya kutia saini mkataba wa amani kwetu Nairobi. Kwenye uwanja huo huo nchi mpya ya Sudan Kusini ilitangazwa tarehe 9 Julai 2011, na hapo hapo Papa Francis aliongoza misa Februari 2023. Kuna Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa 2022, Nile Nyeupe ikipita chini yake bila haraka. Kuna Jebel Kujur, mlima unaoutazama mji kama mzee aliyechoka kuamua kesi. Picha usipige ovyo. Bila kibali, simu yako yaweza kulala kwa askari, nawe ukalala jirani nayo. Basi, orodha imekwisha, na mpwa wangu ameshinda kesi.

Lakini siku ya tatu nilipanda boda kutoka eneo la Custom kwenda soko la Konyokonyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa lugha ya vidole. Kijana wa boda akanitazama viatu, akanitazama uso, akauliza, "Mzee, umetoka Kenya?" Kiswahili kimenyooka. Nikamuuliza amekipata wapi. "Kakuma, mzee. Darasa la kwanza mpaka la nane." Tulibishana bei kwa Kiswahili na akanishinda kwa Kiswahili. Njiani, huku tukikwepa rakasha, ndizo bajaji zao, na malori ya maji yanayozunguka mji mzima kujaza matangi ya watu, alinionyesha kwa kidevu mahali alipozaliwa, mahali walipokimbia, na mahali mama yake anapouza nyanya siku hizi.

Hapo ndipo mwiba ulipoanza kuingia, ingawa sikujua. Huyu alijifunza lugha yangu kwenye vumbi la kambi ya wakimbizi, akiwa hana pa kwenda. Mpwa wangu ana miaka minne kwenye ofisi yenye kiyoyozi, na hajui kuomba chumvi kwa lugha ya mji unaomlisha. Gari la kazini humtoa nyumbani likamrudisha. Jumapili anakwenda kwenye hoteli ya Wakenya wenzake kula ugali, sukuma na nyama choma. Nilikula naye hapo na nyama ilikuwa tamu, sikatai. Ila tungeweza kuila Ngong Road.

Konyokonyo nilikula peke yangu, au nilidhani hivyo. Niliagiza asida na kudra. Asida usitishwe na jina, ni ugali. Na kudra, ewe msomaji wa Magharibi mwa Kenya, ni mrenda wako ule ule, unateleza vile vile, nao unafuata kidole mpaka mdomoni. Pembeni kulikuwa na kisra, mkate wa mtama uliochachushwa, mwembamba hata ukiuinua unaona mwanga. Wanaume wawili waliokuwa wakila ful, maharage yao, kwenye sahani moja waliniona nikihangaika na kisra kama anayekunja barua. Mmoja akasogeza kiti, akanimegea kipande, akakichovya kwenye ful yao, akanikabidhi. Hakusema neno. Watu wa Pwani waliokulia kwenye sinia wanaelewa ninachosema.

Baada ya chakula nilihamia kwa mama muuza chai, chini ya mwembe. Ana jiko la makaa, birika, makopo ya tangawizi na mdalasini, na viti vifupi vya kumshusha mtu kiburi. Niliagiza chai ya rangi, ambayo wao huiita nyekundu. Nikiwa nimeinua glasi, mama akamgeukia binti yake na kupaza sauti:

"Jibu moyo!"

Chai ilinimwagikia suruali.

Nilikulia karibu na Makina, Kibra. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na bibi Mnubi ambaye sote tulimwita Haboba, yaani nyanya. Kila jioni alisimama mlangoni na kuwapigia wajukuu wake kelele hizo hizo: jibu moyo. Sisi watoto wa Kiswahili tulicheka mpaka tukakaa chini. Moyo umeuliza nini, hata ujibiwe? Tulimwigiza njiani kutoka shuleni, tukimjibu kwa niaba ya moyo. Alikuwa anasema kitu chepesi kabisa: leteni maji. Kwa Kinubi jibu ni lete, na moyo ni maji. Na kwa Kiarabu cha Juba, ndivyo hivyo hivyo.

Wala si bahati nasibu. Lugha hizi mbili ni ndugu, zote zilizaliwa kwenye kambi za askari wa karne ya 19 kandokando ya Nile ile. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikwatoria kwa niaba ya Misri tangu 1878, alikuwa na makao yake Lado, kaskazini kidogo ya Juba ya leo. Vita vya Mahdi vilipomkatia njia, alirudi kusini na askari wake. Mwaka 1889 yeye akaondoka na mvumbuzi Stanley kuelekea Bagamoyo. Askari wengi wakabaki karibu na Ziwa Albert, mpaka afisa Lugard alipowachukua 1891 kuwaingiza Uganda kwa ajili ya Waingereza. Watoto wao, ndio Wanubi, wakajaza safu za jeshi la King's African Rifles, na malipo yao yakawa ardhi ya msitu nje ya Nairobi. Msitu kwa lugha yao ni kibra. Hati ya ekari 288 za msitu huo walikuja kukabidhiwa 2017, baada ya kuitwa wageni kwa zaidi ya miaka mia.

Kwa hiyo pale chini ya mwembe, suruali ikiwa imelowa, nilikuwa nimekaa kwenye mlango wa Haboba. Nilikuwa nimekwenda ugenini nikakuta jirani.

Najua mpwa wangu atasema nini, kwa sababu ameshasema. "Mjomba, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe umekaa siku nane, umekunywa chai, umerudi. Mimi najua bei zinavyopanda kila wiki, najua milio ya usiku, najua kusimamishwa barabarani bila kosa." Ni kweli, na sitaki kumfundisha hofu mtu anayeijua. Mji ule umeona mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016, na mwenye akili hatembei humo kama aliye Uhuru Park. Lakini kunguni si kitanda. Mtu aliyelala miaka minne akahesabu kunguni tu, godoro hajaligusa.

Wengine wataniambia: kijana amekwenda kutafuta, hakwenda kutalii, mwache. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naam, na jembe analo, tena analima kweli. Ila tangu lini mkulima akamaliza misimu minne bila kuijua ladha ya shamba? Sudan Kusini iliingia Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki 2016, na tangu hapo tunawahimiza wajifunze Kiswahili, tunapiga makofi wakikubali. Sisi tumejifunza nini chao? Benki zetu zimefika, vitunguu na unga wetu vinapita mpaka wa Nimule kila siku, vijana wetu wanarudi na nyumba za mawe. Na tukiulizwa kule kukoje, tunasema hakuna kitu.

Ningependa kuishia kwenye swali, kama tunavyofanya sisi waandishi tunapoogopa barua za wasomaji. Nashindwa. Naamini mji unaokulisha unakudai deni, na deni hilo halilipwi kwa kodi ya nyumba. Linalipwa kwa ulimi, uonje chakula chake na ujaribu maneno yake hata ukichekwa.

Nami deni langu ni kubwa kuliko la mpwa wangu. Yeye amekaa miaka minne, mimi nilikaa nyumba tatu kutoka kwa Haboba utoto wangu wote, na kitu pekee nilichofanya na lugha yake ni kuicheka. Alizikwa kabla sijamuuliza hata neno moja lilitoka wapi.

Jana usiku hatimaye nilimwandikia kijana wangu maneno mawili tu: "Jibu moyo." Akarudisha upesi, "Moyo gani tena, Mjomba?"

Sikumwambia. Mwembe ule uko hatua mia tatu kutoka ofisini kwake.