Sinema Mbili za Serengeti

Sinema ya Bernhard Grzimek juu ya wanyama wa Serengeti, iliyotolewa mwaka 1959, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ni kazi njema, maana yatufundisha kuvitunza viumbe vya Mungu.

Lakini iko nyingine, ya Giselle Portenier, ya mwaka 2018. Humo si nyumbu wanaomkimbia simba. Ni mabinti wa wilaya hiyo hiyo wanaoukimbia wembe wa ngariba, msimu wa Desemba, wakiitafuta nyumba salama ya Mugumu, kwa Rhobi Samwelly. Uzuri wake ni huu: mabinti wanasema kwa vinywa vyao wenyewe.

Bwana wetu alifundisha kwamba hata shomoro hasahauliki mbele ya Mungu. Je, binti yako? Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini askari hawezi kulinda kila mlango. Enyi akina baba na akina mama wa Tarime na Serengeti, msishindwe na hofu ya kuchekwa wala tamaa ya ng'ombe wa mahari. Nyumba salama ya kwanza ya mtoto na iwe yenu.